Anwani moja haiutoshi ukumbi mzima

Kwa miaka mingi, msimu wa Pasaka, maelfu ya vijana wamekuwa wakibeba kompyuta zao hadi Hamar, Norwe, kwenye ukumbi uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1994, kushiriki tamasha la michezo ya kompyuta liitwalo The Gathering. Mwandaaji wa tamasha la aina hii lazima aamue umati huo uingie kwenye intaneti kwa anwani ngapi. Kuwaficha wote nyuma ya anwani moja, kama ruta ya nyumbani inavyofanya, ni rahisi, lakini kunawaonea wachezaji. Uhaba wa anwani ni wa kweli: mfumo wa IPv4 una takriban bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya hazina ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Hata hivyo, tupige hesabu. Anwani moja ina poti 65,536 za kutenganisha mawasiliano ya huyu na yule. Watu 5,000 wakigawana, kila mmoja anaambulia 13, ilhali kompyuta moja yenye mchezo, maongezi ya timu na kurasa chache za tovuti huhitaji makumi. Ruta nzuri huweza kuirudia poti ileile kwa seva tofauti, ila wachezaji hukimbilia seva zilezile. Tena mdanganyifu mmoja akifungiwa kwa anwani yake, samaki mmoja ameoza na wote wameoza: ukumbi mzima unafungiwa naye.

Wapo wanaosema anwani ni ghali. Kuzinunua, ndiyo, lakini tamasha ni la siku chache, na RIPE NCC, shirika linalogawa anwani Ulaya, limetenga fungu la zaidi ya 500,000 za kuazimisha mikutano na matamasha. Hoja nzito zaidi ni kwamba IPv6, yenye anwani tele, haikubaliwi na kila mchezo. Ni kweli, na ndiyo maana naitaka iwepo kando ya IPv4: video na kurasa nyingi zipite huko, IPv4 ibaki kwa michezo inayoihitaji. Anwani 256 za kuazima zinatosha kuwapa watu hao 5,000 zaidi ya poti 3,300 kila mmoja, mradi mchezaji asibadilishiwe anwani katikati ya mechi. Mdanganyifu akifungiwa hapo, wanaoumia ni kama ishirini, na wakiwa wamepangwa kwa safu za meza, msimamizi anajua pa kwenda kumtafuta.