Magofu ya Gedi: Tuanze Kisimani



Kila likizo ndefu inapokaribia, barazani kwetu Nyamirambo huzuka mazungumzo ya safari. Mmoja husema ataipeleka jamaa yake Gisenyi kutazama ziwa. Mwingine hutaja pwani, walikotoka baadhi ya wazazi wa kwanza wa Biryogo enzi za Wajerumani. Hapo ndipo huulizwa: kuna faida gani kutumia nauli ya nyumba nzima kwenda kutazama kuta zilizoanguka, ilhali nyumbani tangi la maji halijanunuliwa? Swali hilo si la kubezwa, kwani mshahara ni ule ule mmoja. Juma hili tutalijibu kwa kuuzuru mji mmoja uliokufa, mji wa Gedi.

Gedi ulikuwa mji wa Waswahili katika pwani ya Kenya, kilomita 15 hivi kusini ya Malindi, ndani ya msitu na mbali kidogo na bahari. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Ukuta wa nje ulizunguka ekari 45 hivi. Mji ulistawi sana katika karne ya 15, na katika karne ya 17 wenyeji wake wakauhama kabisa. Msitu ukaumeza. Mwaka 1948 mtaalamu James Kirkman alianza kuufukua kwa utaratibu, na Julai 2024 kikao cha UNESCO kilichokutana New Delhi kiliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Aghalabu mgeni hukimbilia jumba la mfalme na Msikiti Mkuu. Hayo yanastahili kutazamwa, lakini mwenye kutunza nyumba atajifunza mengi zaidi katika makazi yaliyo karibu na jumba. Wafukuzi waliyapa majina ya vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Mbele ya nyumba kuna ua ulioshushwa chini kidogo ya usawa wa ardhi. Ndani mna vyumba virefu vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuupita urefu wa boriti. Kuna ghala isiyo na mlango, ambayo mwenye nyumba aliiingia kwa tundu lililo juu ukutani, mwizi asipate njia rahisi. Kuna choo cha shimo na mahali pa kutawazia. Watu hawa walijua usafi ni nini.

Lakini choo, udhu, chakula na hata chokaa ya kujengea, vyote vyataka maji. Gedi haikuwa na mto. Uhai wake wote ulikuwa katika visima. Kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yakiwakimbia wenyeji. Wataalamu hutaja sababu kadhaa za kufa kwa mji: uvamizi wa Wazimba waliopita pwani mwaka 1589, kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi na Wareno miaka michache baadaye, kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini, na kushuka kwa maji ya visima. Adui huja akaondoka, na ukuta uliobomolewa hujengwa tena. Kisima kikikauka, mama hana la kuteka wala la kupikia, na hakuna askari awezaye kumzuia asihame.

Katika magofu hayo iliokotwa taa ya chuma kutoka Uhindi, nayo yatukumbusha mji mwingine uliostawi wakati ule ule ng'ambo ya bahari. Huo ni Vijayanagara, mji wa mahekalu ulioanzishwa mwaka 1336, ambao magofu yake leo huitwa Hampi. Ulijengwa katika nchi kavu ya majabali, kando ya mto Tungabhadra. Mwaka 1443 Abd al-Razzaq, mjumbe kutoka Uajemi, aliufikia akastaajabia ukubwa wake. Mwaka 1565, baada ya vita vya Talikota, majeshi ya maadui yaliuingia, yakauteka nyara na kuubomoa. Leo wageni humiminika kutazama gari la mawe katika hekalu la Vitthala. Lakini wafalme wale walichimba pia mifereji ya kuuleta mto mashambani, na baadhi yake hunywesha mpunga na migomba hadi leo. Majumba ya enzi yamebaki misingi mitupu, nao mfereji ungali kazini.

Basi, ndugu msomaji, hilo ndilo fundisho ambalo mtu hurudi nalo kutoka magofuni: uhai wa makazi hupimwa kwa maji yake kabla ya kupimwa kwa uzuri wa kuta zake. Sisi wa Nyamirambo hatuna haja ya kuvuka mipaka ili tuanze kulitenda. Tumejenga mlimani. Bomba likikauka, madumu hupanda mteremko kichwani kwa watoto, na saa ya masomo hupotea njiani. Mvua nayo ikinyesha, maji ya bati letu hushuka kwa nguvu yakachimba msingi wa jirani wa chini, kisha tukaitana kwa mwenyekiti wa mtaa kuamuliwa ugomvi.

Tufanye hesabu pamoja. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Bati la mita za mraba 40, likipata mvua ya milimita 10, hutoa lita 400, yaani madumu 20 ya lita 20 kila moja. Hata tukitoa yatakayomwagika, yanabaki ya kufulia, ya kuoshea vyombo na ya chooni kwa siku kadhaa. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati chini ya paa, pipa au tangi lenye kifuniko ili mbu wasizaliane, na desturi ya kuyaacha maji ya kwanza yapite yakiondoka na vumbi. Ya kunywa yachemshwe. Anayeweza kununua kitu kimoja tu mwaka huu, na anunue tangi. Gedi imengoja karne nne, itangoja na mwaka mmoja zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwenye kujaliwa vyote viwili, basi na aende, na awachukue watoto. Raia wa Rwanda aweza kupita Uganda na kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014. Hati za watoto ziulizwe mapema kabla ya siku ya safari. Kwenye magofu fikeni asubuhi, kabla ya jua kali, na kila mtu avae viatu vilivyofunika vidole. Msipande juu ya kuta, kwani chokaa yake ni ya karne nyingi. Kigae kilichookotwa kirudishwe pale pale, maana kikiondoka mahali pake hakina tena la kumwambia mtaalamu. Wapeni watoto kazi ya kuhesabu visima na vyoo, wakiwa wameshikwa mikono pembeni mwa kisima. Kisha waulizeni: katika mji huu, ni kitu gani kilipokosekana watu wakaondoka?