Likizo yao ya Agosti, visingizio vyetu vya stima

Kama unga wako unatoka kwa kazi za mtandaoni, hii miezi ya Julai na Agosti unaijua vizuri. Unatuma kazi, na kabla hujaweka simu chini jibu limeingia: mteja yuko likizo na familia, atarejea mwisho wa mwezi. Hakuna samahani wala maelezo marefu. Yeye yuko ufuoni na watoto wake. Wewe uko Roysambu au Umoja, umejifunga shuka la Kimaasai juu ya sweta, baridi ya Julai inapita chini ya mlango, na unapiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Kwao ni msimu wa joto. Sisi ukitutajia kiangazi tunawaza Januari na Februari, vumbi na mifereji iliyokauka. Lakini tangu tuanze kufanya kazi na watu wa Berlin na New York, kalenda yao imeingia ndani ya keja zetu. Mwezi Machi wakisongeza saa zao mbele, mtu wa New York anayeingia kazini saa tatu asubuhi anakupata ikiwa saa kumi jioni. Novemba wakizirudisha nyuma, inakuwa saa kumi na moja, na usiku wako unaongezwa saa nzima bila mtu kukuuliza.

Siandiki haya kwa wivu. Wapumzike, waogelee. Swali langu ni kwako: lini mara ya mwisho ulimwandikia mteja ukamwambia wazi kwamba hutapatikana kwa sababu uko na watu wa nyumbani kwenu?

Wengi wetu hatujawahi. Mama akilazwa, tunasema intaneti inasumbua. Tukienda mazishi, tunasema stima imepotea mtaa mzima. Shosho akituita tukamsaidie kuvuna, laptopu ndiyo imekwama. Kampuni ya umeme ina makosa yake, lakini kwa hili tumeibebesha mizigo mingi isiyo yake. Tuko tayari mteja atuone watu wa nchi isiyo na stima, mradi asijue tuna mama.

Naelewa woga unatoka wapi. Unajua kuna kijana Manila au Lagos anayeweza kuchukua nafasi yako kabla chai haijapoa. Unaogopa kuonekana hujui kazi. Lakini hebu angalia: yule yule unayemwogopa ndiye aliyekuandikia kwamba yuko likizo na familia, na wewe hukumdharau. Ulisema sawa, ukangoja.

Tena hiyo likizo yao haikuanguka kutoka mbinguni. Ufaransa, wafanyakazi walipata wiki mbili za likizo yenye malipo kisheria mwaka wa 1936, baada ya migomo mikubwa ambapo watu walikalia viwanda na kukataa kutoka. Leo ni wiki tano. Hata hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya angalau siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12, yenye malipo kamili. Mama anayejifungua ana miezi mitatu, baba ana wiki mbili.

Shida ni hilo neno mwajiriwa. Mimi na wewe tunaolipwa kwa kazi, moja moja, hatumo. Tunanukuu sauti, tunahariri video, tunaandikia watu makala, tunaweka alama picha za kufunzia mashine, na siku usiyofanya kazi ni siku usiyolipwa. Tunapenda kujigamba kwamba bosi wetu ni sisi wenyewe. Haya, huyo bosi amekupa siku ngapi mwaka huu?

Hapo ndipo inaingia ile kitu tunaita konekisheni. Tumelipenda hili neno. Tunalipa kiingilio kwenda kusimama ukumbini Westlands na jina limebandikwa kifuani, tunaulizana "wewe hufanya nini?", tunabadilishana nambari. LinkedIn tunampongeza mtu ambaye hatujawahi kusikia sauti yake. Kwa kikundi cha WhatsApp tuko mia mbili. Siku mmoja akiandika kwamba amefiwa na babake, mikono ya maombi inajipanga mstari, pole, pole sana, wengine wanatuma mia mbili kwa M-Pesa. Baada ya dakika kumi mtu anaweka tangazo la kazi, na maisha yanaendelea.

Ile pole si mbaya, na ile mia mbili ina kazi yake. Lakini yule mwenzetu aliyefiwa ana video tatu za kumaliza kabla ya Ijumaa, na hakuna aliyemwuliza nani atazimaliza. Kwa hivyo ataenda matanga na laptopu mgongoni. Atakaa nyuma ya hema akitafuta mtandao huku wazee wanamtafuta yeye.

Kwangu mimi, konekisheni ni mtu unayeweza kumwachia kazi yako siku tano ukaenda nyumbani, na ukirudi ukapata kazi imefanyika na mteja bado ni wako. Wale wengine ni nambari za simu. Nambari si kitu kibaya, ila usizichanganye na watu.

Nikupe mfano. Kikundi chetu kidogo tuko saba, na mmoja wetu ni Mbukusu. Agosti 2024 mtoto wa dadake alikuwa anapashwa tohara kule Bungoma. Kwa Wabukusu jambo hili huja mwaka unaogawika kwa mbili, na kijana huenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama, akachinjiwa ng'ombe na kuvishwa kipande cha nyama shingoni. Jamaa yetu ndiye mjomba. Mjomba hawezi kutuma jibu la otomatiki kwamba atarejea mwisho wa mwezi.

Wiki mbili kabla, alimwambia mteja ukweli wote: nina sherehe ya familia, sitakuwepo siku tano, kazi itashikwa na wenzangu kama utakubali. Mteja akajibu kwa mstari mmoja, kwamba sawa, ataje tu ni nani atakayekuwa akijibu barua. Wawili walichukua maandishi ya video, mmoja akayapitia, mmoja akashika barua pepe. Kila mtu alilipwa sehemu ya kazi aliyofanya. Jamaa alirudi amechoka, sauti imeisha kwa kuimba, na mteja bado yuko.

Utaniambia: nikimwonyesha mtu mteja wangu, si ataniibia? Anaweza. Ndiyo maana sisemi ukabidhi kazi yako kwa wale mia mbili. Nasema wanne, watano, ambao mnajuana hadi nyumbani. Unajua mamake anaitwa nani, anajua kwenu mnafuga nini. Mtu aliyekula ugali kwa mamako ataona haya kumwandikia mteja wako kisirisiri. Na kama ni wa kuandika, utamjua mapema akiwa sebuleni kwenu kuliko ukimsoma kwa wasifu wake wa LinkedIn. Kuna pia wateja ambao mkataba wao hauruhusu mtu mwingine kugusa kazi. Hao waombe siku mapema, ziwekeni kwa maandishi, usiende kinyume.

Mwingine atasema watu wa mbali ndio huleta kazi. Hilo nalo ni kweli. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka wa 1973 jinsi watu tunaofahamiana nao juu juu wanavyotufikishia habari za kazi ambazo marafiki wa karibu hawana, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yale yale tunayojua. Kwa hivyo usitoke kwa kile kikundi kikubwa. Kitakuletea kazi. Lakini anayekuletea kazi si lazima awe ndiye atakayekushikia, na sisi tumejenga upande mmoja tu wa nyumba.

Nasema haya kama mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili. Sina wenzangu wa darasa waliotawanyika maofisini, sina gauni la kupiga nalo picha. Wengi wenu mnaosoma hapa mko hivyo pia. Wale wenye ajira wana ofisi ya wafanyakazi na fomu ya likizo. Sisi fomu yetu ni watu. Wazazi wetu walilijua hili bila kulipa kiingilio popote: chama cha kina mama hakikuishia kuzungushiana pesa, kilijua pia nani ana mgonjwa, na zamu ya nani kumpikia.

Kwa hivyo fanya hivi. Chagua watu wanne mnaofanya kazi zinazofanana. Kila mmoja aandike tarehe zake za mwaka, zile za lazima: harusi ya dada, ukumbusho wa babu, wiki ambayo mke anajifungua, Krismasi ocha. Kubalianeni mapema malipo yatagawanywa vipi, kwa sababu urafiki mwingi hufia hapo. Wekeni kitu kidogo kila mwezi kuanzia Januari, ili Agosti wateja wakienda ufuoni msibaki mkitazama simu. Na kwa vile Agosti kazi ni chache hata hivyo, na watoto wa shule wamefunga, huo ndio mwezi wa kwenda nyumbani, kabla ya Desemba ambapo nauli hupanda hadi unafikiri umenunua kiti chenyewe.

Na siku hiyo ikifika, andika ukweli. Sentensi moja inatosha: "Niko na familia yangu hadi Jumatatu, kazi iko mikononi mwa fulani." Usitaje stima. Usiombe msamaha kwa kuwa na mama. Mteja akikuacha kwa sababu hiyo, hao wanne watajua kunakopatikana mwingine. Ukikosa mazishi ya babu yako kwa sababu ya video ya dakika nane, hakuna kikundi cha WhatsApp kitakachokurudishia siku hiyo.