Jamani, filta haioshwi kama sufuria

Najua nimepotea. Karibu wiki tatu sijaandika kitu, na wanaonifahamu walidhani ni mitihani. Mitihani ilikuwepo kweli, na mmoja umenipiga vibaya (nanusa sapu), lakini yote iliisha siku nyingi. Sababu ya ukimya wangu ni samaki. Ndiyo, samaki wa kwenye tangi, na wale wa Hall yetu ambao mmeshaanza kunitania naomba mnyamaze dakika tano.

Leo nina maoni na nayatoa kwa nguvu zote: sisi wenye matangi ya samaki nyumbani, tunaua samaki wetu kwa usafi. Tumelelewa kwamba kitu kikiwa cheusi kinasuguliwa mpaka kilie, halafu kinaanikwa juani. Kwa sufuria sawa. Kwa filta ya samaki ni mauaji, na muuaji ninayemjua vizuri kuliko wote ni mimi mwenyewe.

Basi ilikuwa hivi. Mama mdogo anakaa Sinza, na sebuleni kwake kuna tangi la lita 400 alilolianzisha marehemu baba mdogo. Ndani yake kulikuwa na samaki tisa wa Ziwa Tanganyika. Mkubwa wao alikuwa frontosa, wale wenye mistari myeusi na nundu kwenye paji la uso. Baba mdogo alikuja naye kutoka Kigoma akiwa na ukubwa wa kidole gumba, mimi nikiwa darasa la pili. Nyumbani tulimwita Mzee. Frontosa hukua polepole na akitunzwa anaweza kufika miaka 20, kwa hiyo Mzee alikuwa amemzika mwenye nyumba na bado alikuwa anadunda. Mama mdogo akirudi kazini jioni alikuwa anamsalimia. Hilo nilikuwa nalichukulia kama kichekesho.

Mwezi uliopita mama mdogo akasafiri kwenda msibani Tabora, wiki mbili. Akaniomba nihamie kwake niangalie nyumba na samaki. Kwa mtu aliyechoka kula maharage ya kafteria, hiyo ni likizo ya Ulaya. Nikahamia na begi langu na madesa.

Siku ya pili nikaona maji yanayorudi kutoka kwenye filta yamepungua nguvu. Filta yenyewe ni ile ya kopo kubwa inayokaa chini, ndani ya kabati. Nikazima umeme, nikaifungua. Aisee! Tope la kahawia, harufu kama ya udongo baada ya mvua, sponji zimekuwa nzito kama nyama. Nikasema kimoyomoyo, masikini mama mdogo, tangu baba mdogo afariki hakuna aliyeisafisha hii kitu. Nikabeba kila kilichokuwemo mpaka bafuni. Sponji nikazikamua chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe. Vile vipande vidogo vya kauri vyenye matundu nikavimwagia maji ya moto, nikavianika kwenye ungo uani, jua la saa saba. Nikasugua kopo kwa sabuni. Halafu, ili kazi ikamilike, nikatoa nusu ya maji ya tangi nikajaza mapya moja kwa moja kutoka bombani. Tangi liling'aa mpaka nikalipiga picha.

Siku ya kwanza, shwari. Siku ya tatu samaki wakaanza kukaa juu juu, wanahema haraka, chakula wanakiangalia tu. Mimi nikadhani wameboreka na chakula, nikawaongezea aina nyingine. Siku ya nne wawili wakafa. Na hapa ndipo huwa naona aibu kusimulia: nikafikiri labda filta haikutakata vizuri. Nikaiosha tena!

Mzee alikufa siku ya sita alfajiri. Mpaka siku ya nane walikuwa wamekufa saba kati ya tisa.

Sasa tuingie kwenye sayansi kidogo, maana nilikuja kuisoma baadaye kwa hasira. Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa inatokea kwenye matamvua anapopumua, siyo kwenye kinyesi peke yake kama wengi tunavyodhani. Chakula kilichobaki nacho kikioza kinatoa amonia. Kwenye ziwa inapotelea ndani ya maji mengi. Kwenye lita 400 haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni bakteria ambao wanaila amonia na kuigeuza nitriti, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti. Amonia ni sumu, nitriti nayo ni sumu kwa sababu inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Nitreti ina unafuu mkubwa, hiyo unaipunguza kwa kubadilisha maji.

Bakteria hao hawaelei elei kwenye maji, wanajishika kwenye vitu: mchanga, mawe, vioo, na zaidi ya yote kwenye sponji na vile vipande vya kauri, maana huko maji yenye oksijeni yanapita saa 24. Vitabu vya zamani vilisema kazi ya pili inafanywa na Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi wanaofanya kazi hiyo ni Nitrospira, na mwaka 2015 ikajulikana kuwa wapo Nitrospira wanaoweza kufanya hatua zote mbili peke yao. Kwa hiyo lile tope la kahawia nililolionea kinyaa lilikuwa limejaa vibarua. Mimi nikawapiga klorini, nikawachemsha, nikawakausha juani. Sijui ningewafanya nini tena.

Rumeti wangu anasoma mambo ya vijidudu, akaniambia bakteria wanazaliana haraka, wangerudi kesho yake. Hapana bwana. Wale wa tumboni, E. coli, wakipata mazingira mazuri wanaongezeka mara mbili ndani ya dakika 20 hivi. Hawa wa filta wanaweza kuchukua siku nzima au zaidi kufanya hivyo hivyo. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki nne mpaka sita kabla halijatulia. Samaki hawana wiki sita za kukusubiri.

Kingine kilichomaliza Mzee ni pH. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali nyingi, pH inakaribia 9, na baba mdogo alikuwa ameweka mchanga wa makombe ya baharini ili maji ya tangi yafanane nayo. Sasa amonia ina sura mbili kwenye maji, na moja ndiyo sumu kali. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH 7, sehemu hiyo kali haifiki hata asilimia moja. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Yaani kosa lile lile ambalo samaki wa maji ya kawaida wangelivumilia siku mbili tatu, kwa samaki wa Kigoma ni hukumu.

Najua wapo watakaonibishia. Wapo wafugaji wanaosuuza sponji bombani miaka yote na samaki wao wanadunda. Nakubali. Kusuuza haraka haraka hakuui wote, wale bakteria wanajishika kwa utando mgumu, na tangi kongwe lina akiba nyingine kwenye mchanga na mawe. Lakini kwa nini ubahatishe? Maji ya tangi unayamwaga hata hivyo siku ya kubadilisha. Chota ndoo moja, suuzia humo humo, kisha kamwagie mchicha. Haigharimu hata shilingi.

Wanaonikera zaidi ni wale wauzaji wanaokuambia ubadilishe sponji na kile kifuko cha mkaa kila mwezi. Mkaa kweli huchoka, sibishi. Lakini ukitupa kila kitu kwa pamoja umetupa na bakteria, samaki wakiugua unarudi dukani kununua dawa, wakifa unarudi kununua samaki. Biashara nzuri hiyo! Sponji inatupwa ikianza kumeguka, na hata hapo ile mpya unaiweka pembeni ya kuukuu wiki kadhaa kwanza ili bakteria wahamie. Na usiende kuchukua sponji ya kuoshea vyombo, nyingine zimetiwa dawa ya kuua vijidudu, yaani unawajengea nyumba yenye sumu ukutani.

Kingine nilichokuja kugundua, na hiki kinaniuma, ni kwamba sponji hazikuwa na tatizo kubwa. Maji yalipungua nguvu kwa sababu ya mota. Ndani kuna kifeni kidogo chenye sumaku, kilikuwa kimezungukwa na utelezi na nywele za mimea. Hicho na mipira ya kupitishia maji ndivyo vya kusugua mpaka roho yako iridhike, kwa mswaki mkuukuu, hata kwa maji ya bomba, bila sabuni. Sponji zikamue mara mbili tatu kwenye ndoo, zikibaki za kahawia ziache hivyo hivyo. Vipande vya kauri vitikise tu. Na usifanye vyote siku moja pamoja na kubadilisha maji mengi.

Lakini msije mkanielewa vibaya mkaacha kabisa. Nilishaona tangi la jirani mmoja ambaye filta haijaguswa mwaka mzima, maji yanatoka kama mate. Sponji ikiziba oksijeni haipiti, na lile tope linaendelea kuoza ndani. Kipimo changu siku hizi ni nguvu ya maji yanayorudi. Ikishuka, nafungua. Kalenda sina habari nayo.

Halafu kuna umeme. Vitabu vya Wazungu vinapita hapa haraka, lakini sisi ndiyo maisha yetu. Umeme ukikatika, filta ya kopo inabaki imefungwa na maji yaliyosimama. Bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo, baada ya masaa wanaanza kufa na mle ndani kunaanza kuoza. Umeme ukirudi, mota inawamwagia samaki uchafu wote huo kwa mkupuo. Ukikatika muda mrefu, fungua kopo, toa sponji uzitumbukize ndani ya tangi. Umeme ukirudi mwaga maji ya kopo kwanza, ndipo urudishe.

Waliobaki wawili waliokolewa na jamaa mmoja mwenye kibanda cha samaki wa mapambo. Nilimwendea nikiwa nimekata tamaa. Akaniuliza swali moja tu: "Uliosha filta?" Nikanyamaza. Akaingia nyuma, akatoka na sponji chafu kutoka kwenye tangi lake, nyeusi tii, kaiweka kwenye mfuko wenye maji. Akasema niiweke kwenye filta yangu kabla haijakauka, nisiwape samaki chakula siku tatu, nibadilishe maji kidogo kidogo kila siku, na maji hayo niyaache kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini iondoke. (Kuna miji wanatumia kloramini, hiyo haiondoki kwa kulazwa, inahitaji dawa yake.) Akakataa hela. Nilipanda daladala nimekumbatia sponji chafu kama mtoto.

Mama mdogo alirudi Jumapili. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Shikamoo, marahaba, akaweka begi chini, akaenda moja kwa moja kwenye tangi kama kawaida yake. Akasimama pale muda mrefu. Nikamweleza kila kitu, na kuosha mara ya pili nikamweleza. Hakugomba. Bora angegomba. Alifungua kabati lenye filta, akavuta ndoo ya bluu iliyokuwa imesukumwa nyuma kabisa, ile niliyoitumia kuchanganyia sabuni.

"Baba yako mdogo alikuwa anasuuzia humu," akasema. "Kila mara na maji ya tangi. Mimi nimekuwa nikifanya hivyo hivyo. Nilidhani umemwona, mwanangu."

Nilimwona. Miaka yote nikienda pale likizo nilimwona amekaa kwenye kigoda na ile ndoo katikati ya miguu, nikadhani ni uvivu wa kwenda bafuni.

Samaki wawili wazima, wanakula. Kila Jumamosi naenda Sinza, nakuta ndoo imeshawekwa pembeni ya kabati, mama mdogo anakaa kwenye kochi anaangalia mikono yangu. Wiki iliyopita aliniambia nimekamua sana, nikaacha.

Haya, naenda kudesa. Majibu ya ile sapu ninayoinusa yanatoka Alhamisi.