Laiki haina nauli

Kila Mei 23, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula, kurasa za taasisi za afya mitandaoni hujaa mabango: kaulimbiu, nembo za wafadhili zimejipanga chini, na mgeni rasmi katikati akitabasamu. Mwanamke anayevuja mkojo tangu uchungu pingamizi ulipompokonya mtoto halioni bango hilo. Mara nyingi hana simu janja, na huenda ameshaambiwa amerogwa. Anayeliona ni mpwa wake aliyeko Mwanza, dereva wa bodaboda, mwalimu wa shule ya jirani. Hao ndio wasomaji halisi wa kampeni, na bango halikuwaambia wafanye nini.

Tunavyoona sisi, taasisi inayotaka kuhamasisha kupitia mitandao ya kijamii iandae huduma kwanza, chapisho lifuate. Kabla ya kuhesabu wafuasi, ijiulize: mtu akishaona, aende wapi, lini, kwa shilingi ngapi, na nani atampokea?

Mfano tunao hapa hapa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ilikuwa ikitibu fistula bure, lakini wagonjwa wengi walikwamishwa na nauli. Mwaka 2009 ikaanza kutuma nauli kwa M-PESA. Fedha ilikwenda kwa balozi wa hospitali hiyo aliyeko wilayani kwa mgonjwa. Naye akaitoa, akamkatia mgonjwa tiketi ya basi, na mgonjwa alipofika hospitali balozi akapata posho yake. Wanawake waliofika kutibiwa wakaongezeka. Hapakuhitajika msanii wala video ya kutikisa nchi. Simu ya kitochi ilitosha, kwa kuwa ujumbe ulikuja na nauli yake.

Wapo watakaotukumbusha ndoo za barafu za Marekani. Ni kweli. Mwaka 2014 chama cha huko kinachopambana na ALS, ugonjwa unaoua neva za kuendesha misuli, kilikusanya dola milioni 115 watu wakijimwagia maji ya barafu mbele ya kamera. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye utafiti, na mwaka 2016 watafiti waliofaidika nayo walitangaza jeni NEK1 kuwa inahusika na ugonjwa huo. Lakini tazameni mchezo wenyewe ulivyosukwa: ombi moja, majina ya wanaofuata, na saa 24 za kuitikia. Aliyetajwa hakubaki akijiuliza afanye nini. Na mwaka uliofuata, walipojaribu kuurudia, michango ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza. Taasisi inayopanga bajeti kwa kutegemea video itakayosambaa inacheza bahati nasibu.

Kinachotukera zaidi ni picha za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na bado tunaoneshwa sura za wanawake wodini, majina na vijiji vyao vimeandikwa chini. Tutaambiwa walikubali. Mama anayesubiri upasuaji wa bure atamkatalia vipi mpiga picha aliyeletwa na muuguzi? Aulizwe baada ya kupona, akiwa kwake, na akibadili mawazo picha iondolewe siku hiyo hiyo. Hata hivyo sura yake haihitajiki. Sauti inatosha. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauli bando kama video, asiyejua kusoma anausikia, na unaweza kurekodiwa kwa Kisukuma au Kigogo ukamfikia shangazi kijijini kupitia simu ya jirani.

Kisha namba ya simu. Iwe ya bure, nayo ipokelewe hata Jumapili jioni na mtu anayejua ratiba ya upasuaji na kiasi cha nauli kilichobaki, asiwe kijana wa kitengo cha habari wa kusema "tutakupigia". Na ripoti ya kampeni inapopelekwa kwa wafadhili, ukurasa wa kwanza uoneshe waliopiga, waliosafiri na waliotibiwa. Idadi ya laiki iwekwe kwenye kiambatisho.