Uhaini: kunyongwa, au rumande?

Intaneti iliporudi Tanzania baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, simu iliyonistua hapa Muscat ilitoka kwa mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam. "Mjomba, shikamoo. Mwanangu kashitakiwa kwa uhaini. Watu wanasema lazima wanyongwe. Ni kweli?"

Mimi si mwanasheria. Nilikuwa karani wa mahakama kabla ya kuja huku, na hati za mashitaka nimezipiga taipu mpaka vidole vikaota sugu. Nilichomjibu ndicho ninachokiandika hapa, maana najua wengi wenu mmepigiwa simu kama hiyo.

Kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mwenye hatia ya uhaini "atastahiki" adhabu ya kifo. Kifungu cha 197, kinachohusu mauaji, kinasema "atahukumiwa" kifo. Padri aliyetufundisha sarufi angetuchapa tukivichanganya vitenzi hivi, na magazeti yanavichanganya kila siku. Kwenye mauaji jaji amefungwa mikono. Kwenye uhaini kifo ni kikomo cha juu, na jaji anaweza kushuka chini yake.

Na wameshuka. Bibi Titi Mohamed alipotiwa hatiani kwa uhaini mwaka 1971 alipewa kifungo cha maisha, na akaachiwa mwaka uliofuata tu. Waliotiwa hatiani mwaka 1985 kwa njama za kumpindua Mwalimu Nyerere nao walipewa maisha. Aliye chini ya miaka 18 hanyongwi, wala mwanamke mjamzito. Hata hukumu ya kifo ikitolewa, haitekelezwi bila idhini ya Rais, na tangu 1994 hajanyongwa mtu Tanzania.

Mpwa wangu akashusha pumzi. Nikamwambia asifurahi mapema.

Kitanzi sicho ninachomwogopea kijana wetu. Ninachomwogopea nacho ni kwamba uhaini hauna dhamana. Wazanzibari hili tunalijua vizuri. Watu 18 wa CUF walianza kukamatwa mwishoni mwa 1997 wakashitakiwa kwa uhaini. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ikasema kosa hilo haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili. Dola ni Jamhuri ya Muungano. (Wengi waliofurahia kutoka kwa ndugu zao hawakuifurahia sababu yenyewe, lakini hilo lina siku yake.) Hawakuhukumiwa hata siku moja, ila walikuwa wameshakaa ndani karibu miaka mitatu. Nani aliwarudishia?

Masheikh wa Uamsho walishitakiwa kwa ugaidi, kosa jengine lisilo na dhamana, wakasota miaka hadi Juni 2021 mashitaka yalipofutwa. Freeman Mbowe alikamatwa Julai 2021 akatoka Machi 2022, kwa njia hiyo hiyo. Tundu Lissu yumo ndani tangu Aprili 2025 kwa uhaini. Sisemi nani ana hatia na nani hana. Nasema tu kwamba ukitaka kuipima adhabu katika kesi za namna hii, anza kuhesabu siku ya kukamatwa, usingoje siku ya hukumu. Na mashitaka yanapoondolewa na Mkurugenzi wa Mashitaka kabla ya utetezi, mtu hakuachiwa huru moja kwa moja. Anaweza kushitakiwa tena kwa jambo lile lile.

Novemba, Rais Samia alipolihutubia Bunge, alivitaka vyombo vya sheria viwaangalie kwa huruma vijana waliofuata mkumbo. Wengi wakaachiwa. Wa kwetu hakuwemo.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu aache kusoma vichwa vya habari, aende kwa wakili aulize mambo matatu: kifungu gani kimeandikwa kwenye hati, upelelezi umefika wapi, na kama upande wa mashitaka uko tayari kubadilisha kosa liwe dogo lenye dhamana. Nikamwambia pia achukue cheti cha kuzaliwa. Mtoto ana umbo kubwa, na polisi wamemwandika miaka 20.

Ana miaka 17.