Kabla ya Kumwaga Vifaranga Ziwani

Ufugaji wa samaki ni jambo jema, na tunawapongeza vijana wa Bukoba na Muleba wanaochimba mabwawa au kuweka vizimba Ziwa Victoria. Familia inayofuga sato inapata kitoweo na ada ya shule. Hoja yetu leo ni nyingine: je, vifaranga hao hao wamwagwe katika maziwa yetu madogo, kama Ikimba na Burigi, ili kila mtu avue?

Wanaounga mkono husema hakuna hatari, kwa kuwa vifaranga wanaouzwa ni dume watupu na hawazaliani. Tuelewane hapa. Vifaranga hao hulishwa chakula chenye homoni katika wiki tatu au nne za mwanzo ili wawe madume. Bwawani hawazai kwa sababu hakuna jike. Lakini dume si tasa. Akifika ziwani atampata jike. Na sato huweza kuzaliana hata na ngege, wakapatikana machotara.

Samaki tasa wa kweli wapo. Huko Marekani, baadhi ya maziwa ya milimani hupandikizwa trauti kwa ajili ya wanaovua kwa ndoano kama burudani. Mayai yake hushtuliwa kwa joto au mgandamizo, kifaranga akawa na seti 3 za kromosomu badala ya 2, na hivyo hazai. Wamefika huko baada ya trauti wageni kuwaharibu samaki wenyeji. Hata hivyo, tasa naye anakula: hugombea chakula na wenyeji mpaka afe.

Sisi tusihitaji kufundishwa mara mbili. Sangara na sato waliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na sangara akaongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sangara ameleta viwanda vya minofu na ajira, hatukatai. Lakini aina nyingi za furu zilitoweka, na ngege, aliyekuwa samaki mkuu wa ziwa lile, leo hupatikana zaidi katika maziwa madogo na mabwawa ya kando. Maziwa hayo ndiyo ghala la mbegu lililobaki. Tukilichanganya, hakuna pa kwenda kuchota tena.

Kitabu cha Mwanzo kinasema Mungu aliwabariki samaki wazaliane wayajaze maji. Baraka hiyo waliipewa kabla yetu. Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 nao unatukumbusha kwamba viumbe wana thamani yao mbele ya Mungu, hata wasipouzwa sokoni.

Basi tufuge bwawani na vizimbani. Maziwa madogo tusiyamwagie kitu mpaka wataalamu wa uvuvi wapime ni samaki gani wamo. Na kikundi cha parokia kikiletewa vifaranga vya kumwaga ziwani, kiulize kwanza: hawa ni tasa, au ni dume tu?