Wazazi wa Sigowet, Tuwaachie Watoto Ulimi Wao

Wazee wetu, akina mama na akina baba wa Sigowet, pamoja nanyi mnaoteremka hadi Kaplelartet, Soliat na Soin: naandika nikiwa mgeni katika kazi ya ualimu, na mwalimu mgeni huulizwa falsafa yake ya elimu mapema kuliko anavyoulizwa kama anajua kazi. Jibu langu ni fupi. Mtoto haanzi kufikiri siku anapovalishwa sare. Anapoingia Gredi ya kwanza tayari anajua kuhesabu mifugo, kubishana na wenzake, kutega na kutegua tangoch, yaani vitendawili vyetu, na kueleza kwa nini mvua ya jana imelizuia lori lisifike kwenye kituo cha kununulia chai. Yote hayo anayajua kwa Kipsigis. Mwalimu anayeanzia pale mtoto alipo anajenga juu ya msingi uliokwisha kuchimbwa. Anayemwamuru aache lugha yake langoni anaufukia msingi huo na kuanza upya kwenye tope. Ninachowaomba ni uamuzi ambao mwalimu mmoja hawezi kuutoa peke yake: kuanzia muhula wa kwanza, Januari, shule zetu za msingi zifundishe Gredi ya kwanza hadi ya tatu kwa lugha ya nyumbani, Kiingereza na Kiswahili vikifundishwa kama masomo, na tuache kabisa kumwaibisha mtoto kwa sababu ya lugha aliyonyonya.

Ombi hili si uasi wala si jambo geni. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 iliegemea Kiingereza tangu darasa la kwanza, lakini mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilipendekeza miaka mitatu ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya eneo shule ilipo, na mahali penye mchanganyiko wa watu, hasa mijini, kwa Kiswahili. Serikali zimebadilika, mitaala imebadilika, msimamo huo umebaki, na Mtaala wa Umilisi tulio nao sasa una hata somo la lugha za kiasili katika gredi za chini. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za jamii zetu. Kwa hiyo sheria iko upande wetu. Kinachotushinda ni desturi: mabango yanayomwamuru kila aingiaye kusema Kiingereza, na kile kibao cha aibu ambacho wengine walikiita diski na wengine monto, kilichotundikwa shingoni mwa aliyeteleza akasema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza kibao hicho kwa uchungu mwaka 1986, na wengi wetu tulidhani kimekwenda na ukoloni. Hakijaenda. Mahali pengine kimebadilika tu kikawa jina linaloandikwa kwenye orodha, au kicheko cha darasa zima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko, na inakataza vilevile kumtesa mtoto kiakili. Sioni namna ya kumwaibisha mtoto wa miaka sita kwa lugha ya nyumbani kwao bila kuivunja sheria hiyo.

Hebu tutazame mambo yalivyo ndani ya somo lenyewe. Mtoto wa Kipsigis anahesabu agenge, aeng, somok, angwan, mut, mpaka taman. Baada ya kumi anasema taman ak agenge, yaani kumi na moja, na katika maneno hayo tayari amebeba kanuni yote ya makumi na mamoja. Neno la Kiingereza la kumi na moja halimwonyeshi kumi wala moja. Ni sauti ya kukariri tu. Mwalimu akianza na Kiingereza, mtoto huyo anajifunza mambo mawili kwa mpigo, hesabu na lugha, na akikosea hatujui amekosea lipi. Mama yake kwenye mizani ya majani chai hana tatizo hilo: anasoma kilo, anatoa uzito wa gunia, anajua atalipwa kiasi gani, na hatamki neno hata moja la Kiingereza. Kwa kusoma hali ni nzito zaidi. Kipsigis haitofautishi p na b, k na g, au t na d kama Kiingereza kinavyofanya, na haina f, v wala z za asili. Badala yake ina tofauti za toni na za vokali ambazo sikio la Mwingereza halizisikii kabisa. Mtoto anayewekewa mbele maneno mawili ya Kiingereza yanayoachana kwa p na b peke yake anatakiwa kuona tofauti ambayo masikio yake hayajafundishwa kuisikia. Akishindwa anaitwa mzito. (Wachekeshaji wetu wa televisheni wamejipatia riziki kwa kuiga matamshi yetu, sidhani kama wamewahi kujaribu toni zetu.) Mtoto huyohuyo akifundishwa kwanza kwamba herufi ni alama ya sauti anayoijua, ufunguo wa kusoma unakuwa mkononi mwake, naye ataufungulia mlango wa lugha yoyote baadaye.

Kwamba njia ya sasa haifikishi watoto wengi, tunajua. Tathmini za mpango wa Uwezo zilizofanywa nyumba kwa nyumba katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010 zilirudia kukuta kwamba takribani watoto 3 kati ya 10 wa darasa la tatu nchini ndio waliomudu kazi ya darasa la pili. Huko Ife, Nigeria, mradi ulioanza mwaka 1970 chini ya Profesa Babs Fafunwa uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo, na mwishowe watoto hao waliwapita wenzao hata katika Kiingereza chenyewe. Sitaki, hata hivyo, kuwauzia mbuzi ndani ya gunia. Hapa Kenya utafiti wa 2013 na 2014 uliofundisha kusoma kwa Lubukusu kule Bungoma na kwa Kikamba kule Machakos uliona watoto wakisoma vizuri zaidi lugha zao, lakini haukuona faida ya ziada katika Kiingereza na Kiswahili, na katika hesabu watoto hao walibaki nyuma kidogo. Anayepinga hoja yangu ana haki ya kuutaja. Mimi nausoma hivi: Ife walipewa miaka sita, huku ikawa muda mfupi tu, tena kwa walimu ambao wenyewe hawakuwahi kufundishwa kusoma na kuandika lugha hizo darasani. Funzo lake ni kwamba kubadili lugha bila kumwandaa mwalimu na bila vitabu ni kubadili ngoma na kuacha wapigaji walewale bila mazoezi. Ndiyo sababu wito huu unakwenda kwa umma mzima.

Najua mzazi atauliza: bonasi ya chai ikitoka nampeleka mtoto akademia ili asikie Kiingereza, wewe unanirudisha nyuma? Swali ni la haki. Kazi ya kuchuma chai kwa mikono inapungua. Mwaka 2023 Kericho iliona mashine za kuchumia zikichomwa moto kwa hasira ya watu waliokosa kazi. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe awe wa mwisho kwenye foleni ya kutafuta kazi. Lakini kinachotafutwa na mzazi ni Kiingereza cha kuelewa, na akademia nyingi zinauza Kiingereza cha kuitikia kwa pamoja. Mtoto anaweza kuimba ukurasa mzima asijue umesema nini. Hofu ya mtihani nayo imepungua: KCPE iliyoanza 1985 ilifanywa mara ya mwisho 2023, na tathmini ya Gredi ya sita peke yake haimchagulii mtoto shule ya kwenda. Kati ya Gredi ya nne na hapo kuna nafasi ya kutosha ya Kiingereza kushika, kikiwa kimefundishwa vizuri kama somo tangu mwanzo.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa majirani. Ukielekea Sondu, darasa moja lina Wakipsigis na Wajaluo. Kwenye mashamba makubwa ya chai kuna watoto wa Wakisii na Waluhya. Kuwalazimisha hao Kipsigis kungekuwa kuwavika kibao kilekile kwa jina jingine. Hapo Kiswahili ndicho chetu sote, kama Gachathi alivyoona, na ndiyo sababu wito huu haukuandikwa kwa Kipsigis. Kila shule iwahesabu watoto wake na kuamua kwa haki. Mwalimu aliyetumwa kwetu kutoka mbali asichukuliwe kuwa kikwazo. Apewe gredi za juu, au asaidiwe na mwenzake wa hapa. Tukubali pia kwamba tayari tunafundisha kwa Kipsigis, ila kwa kujificha: mwalimu anasoma sentensi ya Kiingereza, anaona macho yameganda, anafunga mlango na kueleza kwa lugha ya nyumbani. Naomba mlango ubaki wazi, na maelezo hayo yaandaliwe badala ya kuponyoka.

Vitabu ni vichache, kweli. Lakini kanisani tunasoma Maandiko na nyimbo kwa lugha yetu, na Kass FM na Chamgei FM zinajadili bei ya chai, siasa na magonjwa ya ng'ombe kwa Kikalenjin, ambacho Kipsigis ni sehemu yake, kila siku bila kukwama kwa kukosa msamiati. Lugha inayotosha kueleza bonasi inatosha kueleza jua na kivuli. Kwa hiyo nawaomba bodi za shule ziitishe mkutano wa wazazi kabla ya Krismasi, zitoe uamuzi na kuuandika kwenye kumbukumbu, kisha ziondoe mabango na orodha za majina ya watoto. Nawaomba wazee na akina mama wanaojua tangoch na hadithi watenge alasiri moja kwa juma, wasimulie huku vijana waliomaliza shule wakiandika, tupate kurasa za kusoma zilizotoka vinywani mwetu. Nawaomba makanisa yatukopeshe wale wanaoandika Kipsigis kwa tahajia sahihi, watufunze sisi walimu. Na kwa kuwa Katiba imeyakabidhi madarasa ya awali, PP1 na PP2, kwa kaunti, twendeni pamoja kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti ya Kericho tudai vitabu vya Kipsigis kwa madarasa hayo, kwa sauti ileile tunayodai barabara za kupitishia majani. Mwalimu mpya akiingia huko peke yake atapewa kiti na chai. Tukiingia mia mbili, karani atafungua daftari.